Mkwangua Jungu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa na watu wote isipokuwa mkewe, na hata mkewe alilitumia pale tu alipokuwa na hasira. Kiwandani walimwita Kinyaa. Walimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mle ndani aliyekunja uso kwa vitu vingi kama yeye: alikunja uso akiona kikombe chenye alama ya midomo ya mwingine, akiona unywele umeganda kwenye sabuni, akisikia mtu anavuta kamasi badala ya kupenga. Na huyo aliyekuwa hawezi kunywa chai kabla ya kuichungulia kama kisima ndiye aliyeangukiwa na kazi chafu kuliko zote. Alikuwa mkwangua Jungu.

Jungu lilikuwa pipa kubwa la chuma lililosimama katikati ya kiwanda, refu kumpita mtu, lenye tundu juu la kumpitisha mwanadamu mwembamba. Humo ndimo ilimopikwa plastiki ya kutengenezea vifungo vya nguo. Mali ghafi, ambayo ilikuwa majimaji, ilimiminwa katika kiyeyushi kingi ambacho wafanyakazi wote walikiita thina; ikapashwa moto na kukorogwa mchana kutwa, hadi vijichembe vyake visivyoonekana kwa macho vikashikana mikono na kufanya minyororo mirefu, na yale majimaji yakawa uji. Kisha uji ulitandazwa katika sinia, thina ikaachwa ipae hewani, na kilichobaki kikapondwa kuwa chenga na kupelekwa kwa watengeneza vifungo. Thina haikuwa sehemu ya kifungo hata kidogo. Iliingia ili uji usipate joto kupita kiasi, kisha ikatoka. Na katika kutoka kwake ilipita kila mahali: katika mapafu ya watu, katika mkate waliokula adhuhuri, na katika mtaro wa nyuma, ambako mabaki yake meusi yalimwagwa na ambako hata magugu yalikataa kuota.

Kilichosalia ndani ya Jungu baada ya uji kutolewa kiliitwa ukoko, ingawa kukiita hivyo ni kuutukana ukoko wa wali. Ulikuwa utando wa rangi ya usaha, mzito, wenye joto kama la mwili wa mgonjwa, ulioung'ang'ania ukuta wa chuma kwa ukaidi wa kupe. Ukivutwa ulirefuka kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Ukikatika ulirudi kwa kasi na kumpiga mtu shavuni, ukabaki hapo. Kinyaa aliteremka ndani kwa ngazi ya kamba, kitambaa puani, mkononi ameshika upanga butu uliotiwa mpini mrefu, akakwangua huku amefumba jicho moja. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, na jasho lililomtoka halikuwa na chumvi. Alikuwa akilionja kwa bahati mbaya kila siku, na kila siku moyo ulimchafuka upya, kana kwamba hakuwahi kulionja.

Watu husema kwamba mwanadamu huzoea. Huyu hakuzoea. Pua yake ilikwisha kufa ganzi miaka mingi iliyopita, hata hakuweza kutofautisha harufu ya sabuni na ya soksi. Lakini kinyaa chenyewe hakikufa. Kilihamia ulimini, kikahamia katika ncha za vidole. Chai ilikuwa na ladha ya thina. Ndizi ilikuwa na ladha ya thina. Alioga kwa sabuni ya kufulia, akajisugua kwa jiwe na ndimu mpaka ngozi ikatoa vipele, na bado mkewe alimlaza upande wa dirishani, akaanika nguo zake kwenye kamba ya peke yake nyuma ya choo, na kumtengea beseni ambalo hapana mtu mwingine aliyethubutu kuligusa. Yote hayo mwanamke huyo aliyafanya kimya kimya, bila kumvunjia mumewe heshima. Na kimya hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Basi bintiye akajifungua. Alikuwa mjukuu wa kwanza, msichana. Bintiye alikaa mtaa wa pili, na alipopata nguvu alimleta mtoto kuwaonyesha wazee. Kinyaa alikuwa ameoga asubuhi na akaoga tena mchana. Alivaa shati lililonyooshwa, akakaa kwenye kiti cha mbele na kukunjua mikono kama mtu anayesubiri kupokea zawadi. Bintiye alimkaribia. Mtoto akageuza shingo, akapiga chafya, akakunja uso wote mpaka macho yakapotea, kisha akalia kilio cha mtu aliyechomwa na kitu. Bintiye akarudi nyuma.

"Baba, usinielewe vibaya."

"Nikuelewe vipi?"

"Nilikuwa na mimba yake, nikija hapa kukusalimu narudi nyumbani natapika njia nzima. Shati lako likipita tu, macho yananiwasha. Sasa huyu, mwenye mapafu kama ya kifaranga, nimweke hapo kifuani kwako?"

"Mpe ambebe kidogo," mama yake akasema. "Ni babu yake. Mtoto hatakufa."

"Mama, wewe mwenyewe unamlaza dirishani!"

Mama akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikwisha kukunjwa.

"Siku utakayokuwa hunuki Jungu, Baba," bintiye akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, "nitamleta mwenyewe nikuwekee mikononi. Naapa. Lakini leo hapana."

Hakumkasirikia. Angemkasirikia, pengine angepata nafuu. Aliikunja mikono yake, akaitazama, akaona katika mikunjo ya vidole ile mistari ya manjano isiyotoka kwa jiwe wala kwa ndimu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akajionea kinyaa mwenyewe, kama vile alivyokuwa akiona kinyaa kwa kikombe cha mtu mwingine.

Kuacha kazi hakukuwezekana. Alikuwa amefikia umri ambao milango ya viwanda humsikiliza mtu kwa adabu kisha humfungia. Alikwenda kuomba kazi ya ulinzi katika ghala la nafaka. Mkuu wa ghala akasogeza kiti nyuma, akafungua dirisha, akamwambia kwamba nafaka hudaka harufu. Akarudi kwenye ngazi yake ya kamba.

Ndipo akaja Mkemia. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, aliyeajiriwa kupima ubora wa chenga. Alikaa muda mfupi tu akilitazama Jungu na kuutazama mtaro, kisha akaenda kwa mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Bosi, na kumwambia kwamba kazi nzima ingeweza kufanywa bila tone la thina. Bosi alidhani ni mzaha. Mkemia akawakusanya wote uani, akatoa mfukoni koili ya kufukuzia mbu, akaiwasha ncha, na kuiweka juu ya tofali.

"Nimeiwasha mara moja," akasema. "Sasa nani anaipulizia?"

"Labda mbu wenyewe," akajibu mkorogaji, jamaa mnene ambaye kwa kutofunga mdomo aliitwa Redio. Watu wakacheka.

"Inajiendesha. Sehemu inayowaka inaipasha moto sehemu ya jirani, nayo ikiwaka inampasha jirani yake. Mali ghafi yetu ina tabia hiyohiyo. Vijichembe vyake vikishikana vinatoa joto lao wenyewe. Sisi tumekaa miaka yote tukilimeza joto hilo kwa thina, kana kwamba ni adui. Mimi nasema tulitumie. Tunamimina mali ghafi kwenye mrija, tunatia chembe za unga wa kuamshia—"

"Hamira," akasema Redio.

"Haya, hamira. Halafu tunagusa juu kwa chuma cha moto, basi. Mstari wa joto unashuka wenyewe mpaka chini, na kila ulipopita unaacha plastiki ngumu. Tunatoa ufito, watengeneza vifungo wanaukata kama wanavyokata karoti. Hakuna kukoroga. Hakuna sinia. Hakuna Jungu."

"Na mzee wetu Kinyaa atakwangua nini?" Redio akauliza.

"Hatakwangua kitu."

Kinyaa, aliyekuwa amesimama mbali na wenzake kama ilivyokuwa desturi yake, akasogea mbele. "Rudia hilo neno la mwisho, mwanangu."

"Hutakwangua kitu, Mzee."

Bosi alikuna kidevu. Alikuwa mtu ambaye hakupenda mabadiliko, na alivaa viatu vyeupe katika kiwanda cha namna ile, jambo ambalo lilitosha kuonyesha ni mara ngapi alipita ndani. "Mara moja tu," akasema. "Nitakuja nione. Ikienda mrama, Jungu linabaki pale lilipo, na wewe dada utatafuta pengine pa kuwashia dawa za mbu."

Siku ya jaribio Mkemia alisimamisha mirija mirefu ya kioo katika kiunzi cha mbao karibu na dirisha, ili kila mtu ashuhudie kwa macho yake. Alimchagua Kinyaa awe mmiminaji, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, na kwa kuwa mtu anayechukia kuchafuka hamwagi ovyo. Alimkabidhi jagi lenye mali ghafi iliyokwisha kuchanganywa na hamira, akamwonyesha alama ya kufikia, na kwenda mlangoni kumpokea Bosi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa namna ambayo isingeweza kutokea mahali pengine popote. Katika kiwanda kile, tangu siku ya kwanza, mfanyakazi alifunzwa kwamba jagi likishamiminwa husuuzwa kwa thina, na suuzo hilo hurudishwa ndani ya Jungu, ili pasipotee hata tone la mali. Hakuna aliyefikiri juu ya jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiri kabla ya kufuta miguu mlangoni. Kinyaa alimimina mali ghafi kwa uangalifu mkubwa. Kisha akatazama ndani ya jagi. Ukutani palibakia utando, unang'aa, unateleza taratibu kuelekea chini kama makohozi. Mwili ukamsisimka. Mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukachukua kopo la thina, ukamimina kiasi cha kutosha, ukatikisa, ukagawa suuzo katika mirija yote kwa haki, na kuikoroga kwa kijiti safi. Jagi likawa safi kama limelambwa. Akaridhika.

Redio aliona yote. Naye, kwa kuwa angefanya vilevile, hakuona kitu.

Mkemia akarudi na Bosi, akagusisha chuma cha moto juu ya mrija wa kwanza. Kwanza hapakutokea jambo. Kisha, chini kidogo ya uso wa majimaji, pakatokea mstari mwembamba, kama ukingo wa kivuli, ukaanza kushuka. Hapana mtu aliyeugusa. Juu yake palikuwa pagumu, na chini yake palikuwa majimaji bado. Kinyaa alisahau kupumua.

Mstari ulipofika katikati ulianza kutetemeka. Mapovu yakazuka, makubwa, ya njano, yakipanda na kupasuka kwa sauti ya mtu anayecheua. Mrija ukakohoa, ukatema povu la moto juu ya kiunzi, na povu likateremka kwenye mbao likivuta nyuzi. Mvuke ukatanda. Kisha mstari ukafa. Ilikuwa vivyo hivyo kwa mrija wa pili na wa tatu. Mkemia alipoupindua mmoja juu ya sinia, kilitoka kwanza kipande kigumu chenye matundu kama jino lililooza. Nyuma yake likafuata tope la uvuguvugu, lisilo gumu wala majimaji, linalotikisika. Na mwishoni yakamwagika majimaji machafu yenye vibonge, ambayo kila mtu aliyekuwapo, pasipo kuambizana, aliyafananisha na kitu kimoja. Redio, ambaye hakuwahi kukosa neno, alifunika mdomo.

"Kumbe ni haya matapishi niliyoitiwa," Bosi akasema. Alikuwa ameshika pua kwa vidole viwili. "Asante sana. Nilisema mara moja, na mara moja yenyewe ndiyo hii. Kesho Jungu lipikwe kama kawaida. Dada, njoo ofisini tuagane vizuri."

Mkemia alikuwa ameinamia sinia. "Sielewi," alisema. "Kuna kitu kilichochemka humu ndani. Mali yenyewe haichemki kwa joto hili. Kuna kitu kimeingia."

Na hapo Kinyaa akaelewa. Alilitazama lile jagi safi juu ya meza, linang'aa kuliko kitu chochote chumbani. Redio alielewa katika nukta hiyohiyo, akamsogelea, akamnong'oneza, "Nyamaza, Mzee. Umri huu utakwenda wapi? Nyamaza, mambo yatapita."

Yangepita, kweli. Bosi angerudi ofisini, Mkemia angechukua mkoba wake, na kesho yake asubuhi ngazi ya kamba ingekuwa inaning'inia pale pale. Kinyaa aliliona tundu la Jungu likimsubiri, jeusi, lenye kingo zilizoganda ukoko wa jana. Akauona uso wa mjukuu wake ukijikunja.

"Ni mimi," akasema. "Nilisuuza jagi kwa thina. Suuzo nikalitia kwenye mirija."

Mkemia aligeuka, na badala ya hasira usoni mwake palikuwa na hofu. "Uliweka thina? Na mimi nikaisogezea chuma cha moto?" Alikitazama kile chuma, kilichokuwa bado chekundu ncha, akakiweka mbali kwa uangalifu wa mtu anayemweka nyoka. "Mzee, ungetuchoma sote humu."

"Najua sasa. Wakati ule sikujua chochote, mwanangu. Nilichukia ule uchafu kwenye jagi tu."

Mkemia alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasogea mlangoni, mbali na mvuke, akatoa ile koili ya mbu, iliyokuwa bado na nusu yake, akaipaka maji katikati kwa kidole na kuiwasha. Wote wakaitazama inavyoteketea, mpaka moto ulipofikia mahali palipolowa. Hapo ulitoa moshi mwingi, ukafuka, ukazimika. "Ni hivi tu, Bosi," akasema. "Joto lote lilikwenda kuchemsha thina, likakosekana la kusonga mbele. Njia haina kosa."

"Kosa ni kosa," Bosi akasema. "Nilisema mara moja. Na huyu mzee kuanzia leo—"

"Bosi," Kinyaa akamkatiza. Hakuwahi kumkatiza mtu katika maisha yake. "Kabla hujanifukuza, nina ombi. Chungulia ndani ya Jungu."

"Nichungulie nini?"

"Ukoko. Mimi ukinifukuza, kesho lazima aingie mwingine. Redio haingii kwenye tundu lile, unamwona mwenyewe alivyo."

"Siingii hata mkinipaka mafuta," Redio akasema haraka.

"Basi chungulia ujue utamwambia nini huyo utakayemwita. Kichwa tu, Bosi. Mimi naingia mwili mzima."

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika nyuma, na Bosi hakutaka kuonekana anaogopa pipa lake mwenyewe. Alipanda ngazi, akaegemeza mikono kwenye ukingo, akaiondoa upesi kwa sababu ilinata, kisha akaingiza kichwa. Alikaa humo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Sauti iliyotoka ndani ya Jungu ilikuwa ile ambayo kila mmoja aliitambua. Alipochomoa kichwa, uzi mrefu wa ukoko ulikuwa umemshika sikio, nao ulirefuka, ukarefuka, ukakatika na kumrudia shingoni. Alishuka akipapasa ngazi kama kipofu, akafika chini, na pale pale, mbele ya watu wote, akatapika juu ya viatu vyake vyeupe.

Hakuna aliyecheka. Ni jambo la kuchukiza kumwona mtu mzima akitapika, hata kama anastahili. Na ni jambo la kuchukiza zaidi kufikiri kwamba alikuwa amewatuma wenzake ndani ya shimo lile miaka yote pasipo kutaka kujua lina nini.

Kinyaa akamletea maji katika kikombe. Bosi alisukutua, akatema, akakaa juu ya tofali. "Kila siku?" akauliza.

"Kila siku likipikwa."

"Na unakula mchana?"

"Mkate. Nautafuna upesi kabla ya ulimi kushtuka."

Bosi alijifuta shingo kwa leso, akaitazama leso, akaitupa. "Fanyeni tena," akasema. "Na hilo kopo la thina litolewe humu ndani kabla sijaliona."

Mara hii mirija ilikuwa mikavu, imekaushwa kwa hewa na kupanguswa kwa kitambaa. Kinyaa alimimina. Mali ghafi ilikuwa na harufu yake mbaya, ambayo Redio aliieleza kuwa ni ya kitunguu kilichooza katika siki, kwa maana Mkemia hakuwa ameahidi manukato. Jagi lilipokwisha, utando ulibakia ukutani kama mwanzo, unateleza, unakusanyika chini kuwa bonge. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka. Akaushika kwa wa kushoto. Akauma meno, akaliweka jagi mezani na uchafu wake wote, akakaa kwenye benchi, na kuikalia mikono yake miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni.

"Usilitazame, Mzee," Mkemia akasema. "Tazama huku."

Chuma kiligusa. Mstari ukatokea, ukashuka. Ulipofika katikati Kinyaa alifumba jicho moja, lile alilozoea kulifumba ndani ya Jungu. Haukutetemeka. Ulishuka kwa mwendo wa kinyonga mtulivu, kila tabaka likiliamsha lililo chini yake, bila kuni, bila mkorogo, bila mtu. Na nyuma yake plastiki ilibaki angavu, yenye umanjano kidogo kama asali iliyochujwa. Ulipogusa kizibo cha chini palisikika mlio mdogo wa kioo, basi. Mrija ulipopoa ufito ukateleza kutoka ndani, mzima. Mkemia akampa Kinyaa. Aliugeuzageuza, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Akakinusa, kwa mazoea tu, kwani pua haikuwa na habari.

"Haunati," akasema.

"Haunati," Mkemia akajibu.

Sipendi kuwapa wasomaji picha ya usafi ambao haukuwapo. Jungu halikupikwa tena, tundu lake likafungwa kwa bamba la chuma, lakini liliendelea kusimama pale likivuja ukoko uliogeuka mweusi kwenye kingo, kwa kuwa hapakupatikana mtu wa kulibeba. Mapipa ya thina chafu yaliyorundikwa nyuma ya ukuta yalibaki yakioza kwa kutu, na mtaro ule hauoti kitu hata leo. Kila Kinyaa alipopita huko alitema mate kando. Kazi yake mpya ilikuwa kumimina na kutoa fito. Na kila jioni alilichukua jagi, akakwangua utando wake uliokwisha kukauka, ukabanduka kwa kipande kimoja kama ganda la yai, naye akautupa kwa ncha za vidole. Alikunja uso, lakini alikunja kama watu wengine wanavyokunja.

Harufu haikumtoka kwa haraka. Ilimtoka kwa vipande: kwanza nguo, kisha nywele, mwisho jasho. Asubuhi moja aliweka chai mdomoni, akasita, akaitazama, akamwita mkewe.

"Umeweka nini humu?"

"Majani na sukari. Kwani ina nini?"

"Haina kitu," akasema, akainywa yote, akaomba nyingine. Siku hiyo mkewe aliliondoa beseni lake nyuma ya choo na kuliweka pamoja na mengine.

Bintiye alipopata habari alikuja na mtoto mgongoni. Hakuketi kwanza. Alimzunguka baba yake kama mnunuzi azungukavyo mbuzi, akamnusa shingo, akamnusa nyuma ya masikio, akaishika mikono yake na kunusa katikati ya vidole. Mistari ya manjano ilikuwa ingali pale. Hiyo, Mkemia alikwisha kumwambia, huenda akazikwa nayo.

"Haya, Baba," bintiye akasema, na macho yalikuwa yamemjaa. "Kaa vizuri. Mshike kichwa."

Akamweka mikononi. Mtoto alimtazama babu yake kwa muda mrefu, kwa ukali, kama hakimu. Kisha akajinyonganyonga, akafungua kinywa, na kumtapikia maziwa begani, mengi, yaliyoganda vibonge, yakateremka taratibu juu ya shati lililonyooshwa mpaka ndani ya kola.

"Yesu wangu! Mama, kitambaa!" bintiye akapiga kelele. "Baba, nipe, nipe nikufute, najua hupendi—"

"Hebu subiri," Kinyaa akasema.

Alikuwa amekaa wima, kichwa amekigeuzia begani, pua inatanuka na kusinyaa. Kitu kilikuwa kinamfikia kutoka mbali sana, hafifu, kichachu, cha joto. Kilikuwa cha kutia kinyaa kwelikweli. Alikunja uso wote mpaka macho yakapotea, kama alivyofanya mtoto siku ile.

"Yananuka," akasema. Akanusa tena, kwa nguvu zaidi. "Mama, hebu njoo unuse. Yananuka vibaya sana haya."

Mkewe alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, hakusogea. Na Kinyaa hakumtoa mtoto begani wala hakukubali afutwe, mpaka maziwa yalipoanza kukauka.